Nilimshukuru Mama Funguo Mpaka Nikamponza

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua kwenye chumba cha kufulia, maana ndipo mahali pekee katika bweni letu ambapo mtu anaweza kuandika barua bila kuulizwa anamwandikia nani, na naomba usicheke mpaka nifike mwisho, kwa sababu shida yangu ukiisikia juu juu utadhani ni ya mtu aliyeshiba: nimemshukuru mtu, na sasa shukrani hizo zinaelekea kumfukuzisha kazi.

Nilipofika chuo mwaka wa kwanza, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kozi, lilikuwa kwenye orodha ya maktaba, lilikuwa hata kwenye orodha ya wanaotakiwa kupimwa macho, lakini kwenye ubao wa vitanda nililitafuta kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, nisilione, na karani wa dirishani akaniambia, "Kijana, vitanda vimekwisha, jaribu mwakani," kana kwamba ningeweza kukaa macho mwaka mzima kisha nikalala mwakani. Kwetu hapa mwanafunzi asiye na kitanda akihifadhiwa na mwenye kitanda tunasema amebebwa, na mimi nilibebwa na jamaa tuliyekutana kwenye foleni ya usajili, ambaye bweni zima linamwita Mrefu, na usidhani ni jina la kejeli, ni taarifa tu. Kitanda chake ni cha chuma, cha mtu mmoja, tena mtu mwenyewe awe mwembamba asiyegeukageuka, kwa hiyo tulilala mzungu wa nne, kichwa changu upande wa miguu yake na kichwa chake upande wa yangu, ila miguu ya Mrefu ilipita mto wangu ikaendelea na safari zake, na kwa miaka miwili niliijua miguu hiyo kuliko atakavyokuja kuijua mkewe.

Sheria ya bweni ni kitanda kimoja mtu mmoja, na anayekamatwa akiwa amebebwa hatoki peke yake, anatoka na aliyembeba, kwa hiyo kila ukaguzi nilikuwa nimeshika maisha ya watu wawili.

Sasa nikueleze juu ya Mama Funguo. Huyu ndiye mhudumu wa bweni letu, mama wa makamo mwenye goti bovu, anayekaa mlangoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, anasafisha ngazi, anatunza funguo za vyumba vyote, na ndiye anayejua bomba lipi linavuja na nani anajidai halivuji. Siku ya tatu tangu nianze kubebwa alinikuta nikipita na ndoo yangu ya kuogea.

"Wewe wa chumba gani?"

"Mimi mgeni tu, mama. Nimekuja kumtembelea ndugu yangu."

Akaitazama ndoo, akautazama mswaki uliosimama ndani yake, akasema, "Karibu. Ila kwetu mgeni huja na zawadi, haji na ndoo." Kisha akasogeza miguu nipite. Hakuniuliza tena swali hilo hata siku moja, ila kuanzia hapo kwa miaka miwili aliniita Mgeni, kila asubuhi, "Mgeni, umeamkaje?" na mimi najibu, "Salama, mama," huku natazama chini kama mwizi anayesalimiwa na mwenye kuku.

Kitita chake cha funguo ni kikubwa, ukikitikisa kinasikika mpaka bwalo la chakula. Siku za kawaida akipita kwenye korido anakikumbatia kwa mikono yote miwili kisilie, kwa sababu anasema watu wanasoma. Mimi ilinichukua miezi kadhaa, Shangazi, tena nasomea takwimu, kugundua kwamba funguo zile zililia siku za ukaguzi tu. Afisa wa mabweni, ambaye tunamwita Bwana Daftari kwa sababu daftari lake haliachani na kwapa lake, akifika kukagua ni lazima mhudumu amtangulie kufungua milango, na Mama Funguo siku hizo alikuwa akipanda ngazi akizitikisa funguo tangu ghorofa ya chini kama ng'ombe mwenye kengele, na sisi tuliobebwa, tulikuwa saba ghorofa yetu peke yake, tulichukua vitabu tukashuka kwa ngazi za nyuma kwa heshima zote kama watu waliokumbuka ghafla kwamba wana mtihani.

Mwaka wa pili nilishikwa na homa, Mrefu yuko darasani, nimelala sijiwezi, na ukaguzi ukaja bila kutangazwa. Mama Funguo alipanda kabla ya Bwana Daftari, na goti lake lile, akafungua mlango.

"Mgeni, inuka. Unaweza kutembea hatua ishirini?"

"Siwezi, mama."

"Basi tembea kumi. Kumi nyingine nitazitembea mimi."

Akanibeba kwapani mpaka kwenye stoo ya mifagio, akanilaza juu ya mapazia mabovu, akafunga kwa nje, na mimi nikiwa humo nikasikia mazungumzo haya, sijaongeza neno.

"Humu mna nini?"

"Mifagio, mzee."

"Fungua nione."

"Nafungua. Ila nimepuliza dawa ya kunguni asubuhi, kwa hiyo uvute pumzi kabisa kabla sijafungua."

"Mbona sisikii harufu?"

"Ndiyo ubaya wake. Ukiisikia ujue umeshachelewa."

Nikasikia viatu vya Bwana Daftari vikirudi nyuma, taratibu, kwa mpangilio. Ukaguzi ulipokwisha Mama Funguo alinipeleka zahanati ya chuo mwenyewe, akakaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa, na walipomuuliza ni nani wangu akasema, "Mimi ni mama yake mdogo," bila hata kupepesa.

Na si mimi tu. Ana tabia ya kujua nani hajapita mlangoni kwake kwa siku mbili, hatumii karatasi, anajua tu, basi anapanda ghorofa zote nne kwenda kugonga. Mwaka jana kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza aliyefeli masomo matatu akajifungia, wenzake tulidhani kaenda kwao, Mama Funguo akagonga, akakaa nje ya mlango juu ya ndoo, akawa anamsimulia habari za mabomba yanayovuja mpaka kijana akachoka akafungua. Leo kijana huyo anasoma vizuri na ndiye anayetushinda wote kwa kula.

Mwaka huu wa tatu nimepata kitanda changu, jina langu liko ubaoni, na wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wa bweni. Ofisi ya mabweni nayo ikaanzisha tuzo ya Mhudumu Bora wa Mwaka, ikaweka sanduku lenye kufuli kwenye bwalo la chakula na fomu za kupendekeza, nami nikajiambia siku yangu ya kulipa fadhila imefika. Nikamfuata Mama Funguo akiwa anapiga deki ngazi.

"Mama, mwaka huu nakupendekeza."

"Nipendekezwe kwenda wapi?"

"Mhudumu bora! Upewe cheti, upigiwe makofi."

"Mwanangu, jina langu lipo kwenye karatasi ya mshahara. Hapo panalitosha."

"Acha hizo, mama. Wewe ni nyota."

"Nyota inakaa mbali na watu, ndiyo maana haijaanguka. Hebu pita, ngazi inakauka vibaya."

Nikacheka, nikaona ni unyenyekevu wake, nikaenda kujaza fomu. Ilikuwa na maswali matatu: mhudumu huyu ameonyeshaje moyo wa kujali wanafunzi, ameonyeshaje ubunifu katika kazi, na toa mifano halisi. Shangazi, nilitoa mifano halisi. Kwenye kujali nikaandika zahanati na mama mdogo. Kwenye ubunifu nikaandika funguo zinazolia siku za ukaguzi, nikaandika dawa ya kunguni, nikaandika hata ile ya kuvuta pumzi kabisa, na kwa kuwa nafasi haikutosha nikaambatisha kurasa mbili, nikatia na tarehe. Nikapita mlango kwa mlango nikawashawishi wenzangu nao wajaze, wakajaza zaidi ya mia, wengi wao waliandika mstari mmoja kama "ngazi safi" au "mama mcheshi", nami nikawahurumia kwa kutojua kuandika. Yangu nikaitumbukiza kwa mkono wangu mwenyewe, nikalipiga sanduku kofi dogo la kulipongeza.

Jumatatu hii limebandikwa tangazo. Fomu zitafunguliwa Ijumaa ya wiki ijayo na kamati, mwenyekiti wa kamati ni Bwana Daftari, na fomu iliyoandikwa vizuri kuliko zote kuhusu mshindi itasomwa kwa sauti kwenye hafla ya kufunga mwaka mbele ya makamu wa mkuu wa chuo. Nilisoma tangazo hilo mara tatu, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwomba Mungu niwe nimeandika vibaya. Mkataba wa Mama Funguo ni wa mwaka mmoja mmoja, unafanywa upya mwezi huu huu, na anayeusaini kwa niaba ya ofisi sina haja ya kukutajia.

Mrefu anasema jambo ni dogo, tuchukue waya wa kutundikia shati, tubandike chingamu kwenye ncha, yeye avue ile fomu kupitia tundu la sanduku kwa sababu ana mkono unaofika, na mimi nisimame mlangoni nipige mluzi. Mwenzangu mwingine anasema ninyamaze, huenda hawatasoma kurasa zilizoambatishwa, watu wa kamati huwa hawasomi. Kumwambia mwenyewe Mama Funguo nimejaribu mara mbili, ila nikifika pale mlangoni ananiambia, "Mwakilishi, umeamkaje?" maana tangu nipate kitanda ameacha kuniita Mgeni, na uso wake unakuwa na furaha ya mtu aliyeona mche wake umeota, basi namjibu salama, na napita.

Shangazi, sijawahi kumtakia mtu mema kiasi hiki nikamfanyia baya kiasi hiki. Nifanyeje?

Wako,
Mwakilishi Aliyezidisha Wino

*

Mwakilishi mwanangu,

Kwanza nikushukuru mimi. Kwenye mfuko wa barua zinazoletwa mezani kwangu kila wiki kuna wake wanaolalamika, waume wanaolalamika, wapangaji, wakwe, na bwana mmoja anayelalamikia jogoo wa jirani kila mwezi bila kukosa, ni mwaka wa nne sasa, jogoo mwenyewe nadhani alishaliwa. Barua ya mtu anayesumbuliwa na shukrani sikuwa nimeipata. Niliisoma mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikaacha kucheka, na mara ya tatu nikataka nikufinye sikio.

Nimebadilisha mambo kadhaa kabla ya kuichapa, ili Bwana Daftari akilisoma gazeti hili na chai yake asijitambue. Usiwe na wasiwasi, watu wa namna yake hata kwenye kioo hujitambua kwa shida. Ila wewe ujue tu kwamba mpaka huku gazetini mtu mwingine imebidi akufichie kile ulichokianika.

Tuje kwenye kosa lako, na si lile unalodhani. Unadhani ulikosea kuandika sana. Kuandika sana ni ugonjwa wa vijana, unapona wenyewe. Kosa lako ulilifanya pale kwenye ngazi, kabla hujashika hata kalamu. Mama alikuambia kwa mdomo wake kwamba jina lake lipo kwenye karatasi ya mshahara na hapo panalitosha. Wewe ukasikia unyenyekevu. Mwanangu, yule mama hakuwa akijishusha, alikuwa akikuomba. Akakuambia na ya nyota isiyoanguka kwa sababu inakaa mbali na watu, ukaona ni maneno matamu. Mtu mzima hawezi kukwambia waziwazi, "Usiandike, nimevunja sheria kwa ajili yenu," maana akishalisema limeshasemwa. Alikupa kwa fumbo kwa sababu alikuamini una akili, na ulikuwa nayo, ila siku hiyo uliiacha chumbani.

Halafu jiulize, shukrani zile zilikuwa za nani? Cheti ulikitaka wewe, makofi uliyataka wewe, kurasa mbili na tarehe ni zako. Ulitaka bweni zima lione kwamba Mwakilishi si mtu wa kusahau. Sikulaumu kwa kutaka hivyo, kijana aliyelala na miguu ya mwenzake usoni miaka miwili ana haki ya kutaka kuonekana kidogo. Lakini anayeshukuriwa ndiye anayejua shukrani zinamfaa vipi, na huyu alishakwambia.

Nisije nikaonekana namsifu mama kwa kila kitu. Mimi chuo nimekijua kwa nje. Miaka sita niliuza vitumbua kwenye geti la chuo kimoja, na elimu yangu nyingine nimeipata kwa kusoma magazeti kabla sijayafungia hivyo vitumbua, kwa hiyo nayajua mambo ya kubebana, nimeona vijana wakitoka getini asubuhi na ndoo wakisema wamekuja kutembea. Sheria ya kitanda kimoja mtu mmoja haikutungwa na mtu mbaya. Siku jengo likishika moto, mtu anataka kujua ndani kuna watu wangapi, na wewe hukuwa kwenye hesabu. Mama Funguo analijua hilo kuliko Bwana Daftari, ndiyo maana alikuwa na orodha yake kichwani, hiyo inayomwambia nani hajapita kwa siku mbili. Alivunja sheria moja ya ofisi, akaishika kwa mikono yake kazi iliyokuwa nyuma ya sheria hiyo. Na bado anaweza kufukuzwa kwa haki, karatasi yako ikiwa mezani. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukweli wako utamtetea. Utamtetea mbele ya Mungu, na makamu wa mkuu wa chuo hana cheo hicho.

Sasa sikiliza vizuri.

Waya na chingamu, hapana. Mwambie Mrefu mkono wake autumie kubadilishia balbu. Ukikamatwa umetia waya kwenye sanduku la ofisi, kitu cha kwanza watakachosoma ni ile fomu mliyokuwa mnaivua, tena wataisoma neno kwa neno, na aliyesema kamati hazisomi atashangaa jinsi zinavyosoma zikishakuwa na sababu. Na ukifanikiwa, utakuwa umemlinda mama mwaminifu kwa wizi, halafu utakaa na hilo nalo moyoni, na wewe moyo wako naona hauwezi kukaa na kitu bila kukiandika.

Kunyamaza nako hapana. Ile ndiyo njia ya kumwacha mtu anyeshewe ilhali wewe uliliona wingu.

Sanduku lina funguo, na ofisi ina karani. Fomu haijafunguliwa, haijasomwa, na bado ni mali ya aliyeiandika. Nenda kwa huyo karani saa za kazi, kwa mlango wa mbele, na barua ya mistari miwili: mimi fulani niliweka pendekezo kwenye sanduku, naomba kuliondoa kabla ya siku ya kufungua. Mistari miwili, Mwakilishi. Usieleze sababu. Akikuuliza sababu, mwambie umejaza vibaya, na utakuwa hujasema uongo hata kidogo. Ukiwa mwakilishi mzima wa bweni na barua mkononi, sioni karani wa kukunyima karatasi yako mwenyewe, ila kama yupo, uniandikie, nitajua la kufanya na gazeti hili.

Ikishindikana, na fomu ikabaki sandukuni mpaka Ijumaa, basi uende kwa Bwana Daftari kabla haijafunguliwa, umwambie wewe ndiye uliyebebwa miaka miwili, kama kuna adhabu uandikwe wewe. Usimtaje Mrefu, atajitaja mwenyewe kama ni mtu. Hilo halitamwokoa mama kwa uhakika, na sitakudanganya kwamba litamwokoa. Lakini mtu aliyebeba wengine apumzike kubeba na kosa lako.

Zile fomu za zaidi ya mia walioandika "ngazi safi" na "mama mcheshi", ziache palepale. Hao uliowahurumia kwa kutojua kuandika ndio waliomwandikia mama barua anayoweza kuisikia ikisomwa bila kushika ukuta.

Na kama baada ya yote bado unawashwa na fadhila, una cheo, kitumie. Pita bweni lako uhesabu vitanda vilivyolaza mabegi tu, vya wale waliopanga vyumba mtaani na hawataki kurudisha nafasi. Nilipokuwa getini niliwaona wengi, wakija chuo na funguo za vyumba viwili. Peleka orodha hiyo ofisini ukiomba wapewe wasio na vitanda, kwa majina, kwa utaratibu. Kijana mmoja akipata kitanda chake kwa njia hiyo, mama yule amepunguziwa mzigo mmoja wa kuficha. Hiyo ni shukrani isiyohitaji kusomwa kwa sauti.

Lakini yote hayo, karani, barua, vitanda, yaje ya pili. La kwanza ni kumwambia yeye, leo hii gazeti likiwa bado mkononi mwako. Hupeleki barua kwa karani kabla yeye hajajua, kwa sababu ofisi ndogo zina masikio makubwa, na akisikia kwa mtu mwingine atakutwa na habari kama nguo zinavyokutwa na mvua kwenye kamba. Ana haki ya kujua sasa, akiwa na siku za kufikiri atasema nini akiitwa, na huenda ana njia ambayo mimi na wewe hatujaiwaza. Mtu aliyetunga dawa ya kunguni papo kwa papo akiwa na mgonjwa nyuma ya mlango si mtu wa kumdharau kwa mbinu.

Najua kwa nini ulipita mara mbili. Uliogopa kuiharibu ile furaha usoni kwake. Ni kweli utaiharibu, kwa asubuhi moja. Afadhali uiharibu wewe, mlangoni, mkiwa wawili, kuliko iharibiwe na Bwana Daftari kwenye kipaza sauti.

Kwa hiyo nenda asubuhi hii hii kabla ya kipindi cha kwanza, yupo pale tangu saa kumi na mbili, wewe mwenyewe umesema. Mwamkie vizuri. Akikuuliza umeamkaje usijibu salama, mwambie hukuamka salama, na umwambie kwa nini. Usimwambie ulikuwa na nia njema, anajua, na haimsaidii. Shukrani zako zimekaa miaka miwili, zitakaa tena mpaka atakapokuwa na nafasi ya kuzisikia. Wewe anza na samahani, na akikugombeza usimkatize.

Wako anayekutakia asubuhi ngumu na jioni nyepesi,
Shangazi